UZI: Kahawa ya barafu ya blenda hapa Nairobi – usigandishe maji, gandisha kahawa yenyewe

Mtafuta_Baridi (Umoja), mwanzilishi wa uzi

Hamjambo wapenzi wa kahawa. Joto la Januari limeingia na swali ni lile lile la kila mwaka: mbona kahawa ya barafu ninayosaga nyumbani haifanani na ya mkahawani? Inatoka nyepesi, kahawa yenyewe haisikiki, na ukiiacha mezani kidogo inajitenga, povu huku na maji kule.

Wengi hudhani shida ni blenda. Wengine hudhani kuna unga wa siri wanaouziwa wenye mikahawa peke yao. Ni kweli mikahawa mingi hutumia mchanganyiko wa kiwandani wenye sukari na gamu ya zanthani, ambayo hukifanya kinywaji kiwe kizito kisijitenge. Lakini tofauti kubwa iko kwenye barafu, na hiyo unaweza kuirekebisha leo bila kununua chochote.

Barafu ya maji ukiisaga inarudi kuwa maji. Gilasi kubwa ya kinywaji hiki hubeba gramu 150 hadi 200 za barafu. Ukizisaga pamoja na kikombe kimoja cha kahawa, umeizimua kahawa hiyo karibu mara mbili. Hapo ndipo watu huanza kuongeza sukari, chokoleti na aiskrimu kuficha ubovu. Nasema hivi: ubaridi utoke kwenye kahawa yenyewe.

Ninavyofanya ni hivi. Kahawa ya unga gramu 60, yaani kama vijiko 12 vya mezani visivyorundikwa, na maji mililita 600. Maji yakichemka ipua, mwagia kahawa papo hapo. Maelezo mengi ya ng'ambo hukuambia usubiri maji yapoe kwanza. Hapa hakuna haja. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, joto lile lile linalotakiwa kwa kahawa. Koroga, funika, acha dakika tano, kisha chuja kwa kitambaa safi ulichokitandika juu ya chujio la chai. Unga wa kahawa hunywa maji, kwa hiyo utabaki na mililita 480 hivi. Ni kali mno kunywa hivyo. Ndivyo tunavyoitaka.

Ingali moto, tia vijiko viwili vya mezani vya sukari na vitatu vya maziwa ya unga, koroga hadi viyeyuke vyote. Iache ipoe, mimina kwenye trei za barafu, ingiza kwenye friza hadi kesho.

Sukari na maziwa hayo yana kazi ya pili ambayo watu wengi hawaijui: hulainisha barafu. Maji matupu yakiganda hugeuka jiwe. Kahawa yenye sukari na maziwa haigandi yote; kati ya chembe za barafu hubaki utomvu mtamu ambao haujaganda, ndiyo maana vipande vyake hukatika upesi. Ladha imeokoka, na blenda yako pia.

Siku ya kunywa, kwa gilasi moja: maziwa baridi mililita 120 kwenye jagi kwanza, kisha vipande kumi vya barafu ya kahawa, kijiko kimoja cha mezani cha shira, na chumvi kidogo sana, ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi hiyo huipunguzia kahawa uchungu, hutaisikia mdomoni. Saga hadi mlio wa vipande uishe, na usiendelee baada ya hapo, kwa sababu visu vinavyozunguka huongeza joto na kinywaji kinaanza kuyeyuka mbele yako.

Shira ni sukari na maji kwa kipimo sawa, chemsha hadi sukari iyeyuke, weka kwenye chupa ndani ya friji. Usitie sukari kavu kwenye kinywaji baridi, itabaki chini ya gilasi. Na usishangae kikihitaji utamu kuliko kahawa ya moto: ulimi ukipoa hausikii utamu vizuri. Ndiyo maana aiskrimu ikishayeyuka huwa tamu kupita kiasi.

Karibuni kwa maswali, na mwenye njia yake pia aitoe.

dada_wa_Pipeline

Asante sana kwa haya. Blenda yangu ni ndogo, wati 300. Nikiweka barafu inalia, visu vinazunguka lakini barafu inakaa juu haishuki, halafu inanuka kuungua. Je, hata hiyo barafu ya kahawa itaiweza?

Fundi_wa_Blenda (mjini)

Dada, ngoja nikujibu mimi kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, natengeneza blenda upande wa Luthuli na nyingi ninazoletewa zimekufa kwa barafu.

Hiyo ya visu kuzunguka huku barafu imekaa juu si ubovu. Visu vimetengeneza shimo la hewa chini na hakuna kitu cha kuvuta vipande viteremke. Dawa yake ni umajimaji. Anza na maziwa, yafunike visu kabisa, ndipo utie vipande vichache. Tumia kile kitufe kilichoandikwa P: bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ukiachia, vipande hushuka vyenyewe, na ukibonyeza tena visu vinavikuta. Ikikwama zima, chomoa waya, koroga kwa mwiko, rudisha kifuniko. Usikoroge ikiwa imechomekwa hata kama una haraka namna gani.

Harufu ya kuungua ni mota imezidiwa. Blenda nyingi ndogo kijitabu chake kimeandika isizungushwe zaidi ya dakika moja mfululizo, na hakuna anayekisoma. Saga sekunde ishirini, pumzisha, saga tena. Kama harufu ni ya mpira zaidi kuliko ya waya, angalia meno yale ya plastiki chini ya jagi. Yakilika hutelezeana na kupata joto. Hicho ni kipuri cha bei ndogo, usitupe blenda nzima.

Na watu waache kununua kwa kuangalia wati peke yake. Wati ni umeme inaokula, haikwambii kisu kina nguvu kiasi gani. Geuza jagi uangalie meno ya chini: ya chuma hudumu kuliko ya plastiki. Angalia visu vinne vimeelekea juu na chini, si vyote upande mmoja. Muulize muuzaji kama jagi, kipira na meno vinapatikana vikiwa peke yake. Akisita, nenda duka la pili.

La mwisho, na hili naliomba: msitie kahawa ya moto kwenye blenda iliyofungwa. Mvuke hutanuka ghafla, kifuniko kinaruka na kahawa inakurukia usoni. Nimeona mama aliyeungua shingo hivyo.

Barafu ya kahawa ya huyu ndugu nimeijaribu jana kwa blenda ya mteja ya wati 350. Imesaga vizuri.

dada_wa_Pipeline

Shukrani fundi. Nimegeuza jagi, meno mawili yamelika kabisa. Nitakuja mjini.

Binti_wa_Othaya

Kuna jambo limerukwa: kahawa ipi? Mimi nimekulia shambani Nyeri na inaniuma kuona watu wa Nairobi wakinunua kahawa ya nchi nyingine kwa bei ya juu huku yetu nzuri ikipakiwa melini. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya huuzwa nje, mnajua, lakini siku hizi supamaketi na wakaangaji wa hapa mjini wanauza iliyo nzuri sana. Nunueni.

Pia msidanganywe na herufi za daraja zilizoandikwa kwenye pakiti. AA ni ukubwa wa punje. AB ni ndogo kidogo, na PB ni zile zilizoota punje moja ya mviringo ndani ya tunda badala ya mbili. AA mara nyingi ni nzuri, lakini herufi haijakuahidi ladha. Kwa kahawa ya kusaga na barafu na maziwa, AB inatosha kabisa, weka akiba hela zako. Kinachofaa kuangalia ni tarehe ya kukaangwa. Pakiti isiyo na tarehe hiyo naiacha rafuni.

Na rangi ya kukaangwa ni muhimu kwa hiki kinywaji. Aina zetu za kahawa SL28 na SL34, zile zilizochaguliwa na maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, zina uchachu mtamu unaosifiwa dunia nzima. Katika kikombe cha moto kisicho na maziwa ndiyo fahari yake. Lakini zikikaangwa kidogo tu kisha zikachanganywa na maziwa baridi, uchachu ule unajitokeza vibaya, kinywaji kinaonja kama maziwa yameanza kulala. Chukua iliyokaangwa wastani kuelekea nyeusi. Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 zote zinafaa, na wakulima wengi wanazipanda kwa sababu zinastahimili magonjwa ya kahawa, chule buni na kutu ya majani. Ukizinywa unamsaidia mtu anayepunguza dawa shambani.

Mtafuta_Baridi

Dada wa Othaya, umenena. Hilo la kukaangwa wastani kuelekea nyeusi ningeliweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza. Naongeza: nunua punje nzima kama una kinu, au uombe wakusagie dukani kwa unga wa wastani. Ule mwembamba kama wa poda hupita kwenye kitambaa na kukwaruza koo ndani ya kinywaji baridi.

kopo_ni_kopo

Mnafanya maisha magumu. Mimi natumia kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka yenyewe. Vijiko viwili, sukari, maziwa, barafu, blenda, kwisha. Nakunywa kabla ninyi hamjamaliza kuchuja kwa kitambaa. Si kila mtu ana muda wa gramu na mililita.

Mtafuta_Baridi

Ndugu, sikukatazi, na kahawa ya kopo ina heshima yake katika historia ya kinywaji hiki. Kahawa ya kutikisa ya Wagiriki imetoka hapo hapo: inasimuliwa kuwa mwaka 1957, kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, mfanyakazi wa Nestlé aitwaye Dimitris Vakondios alikosa maji ya moto, akaweka kahawa ya kopo, maji baridi na barafu kwenye chombo cha kutikisia, akatikisa. Kikatoka kinywaji chenye povu zito ambacho Ugiriki nzima ilikipenda. Frappuccino, kinywaji kingine cha baridi chenye maziwa na sukari nyingi, kilianzia Boston, Marekani, katika maduka ya Coffee Connection. Kampuni ya mikahawa ya Starbucks iliyanunua mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza. Kwetu vinywaji hivi vilizoeleka kupitia mikahawa iliyokuja baadaye. Java House ilifungua duka lake la kwanza Adams Arcade mwaka 1999.

Sasa tazama kwa nini kopo lilimfaa Mgiriki. Kahawa ya kopo karibu haina mafuta, na povu hudumu pale pasipo na mafuta. Kwa hiyo kwa kutikisa, kopo linaishinda kahawa yangu ya kuchuja. Tia vijiko viwili vya chai vya kahawa ya kopo, sukari, na maji baridi kidogo tu, ya kulowesha, kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Tikisa kwa nguvu hadi chupa ijae povu la rangi ya maziwa. Mimina juu ya barafu, ongeza maji au maziwa. Stima ikipotea mchana wa joto, njia ni hiyo.

Ila kwa blenda, naomba hata wewe wa kopo ufanye jambo moja: koroga kahawa yako ya kopo na maziwa, igandishe kwenye trei usiku, uisage kesho yake. Dakika mbili tu zimeongezeka. Ukishaonja utaniambia.

kopo_ni_kopo

Sawa, trei imeingia friza sasa hivi. Nitaleta ripoti.

Bint_Kibokoni (South C)

Mie kwetu Mombasa, Mji wa Kale, na kahawa nimeijua kwenye buli la shaba, kahawa chungu ya tangawizi inayouzwa jioni na kashata pembeni. Watu wa bara mnaweza kuona ajabu, lakini viungo vile vile vinafaa sana kwenye baridi, mno hasa.

Fanyeni kama alivyosema ndugu hapo juu, ila maji yanapochemka tieni tangawizi mbichi iliyopondwa, kipande cha urefu wa kidole gumba, na iliki sita zilizopasuliwa. Yachemke na viungo dakika kumi, ndipo mmwagie kahawa. Badala ya sukari tumieni tende. Tende nane zilizotolewa kokwa, zilowekwe kwenye kahawa ingali moto hadi zilainike, kisha zisagwe humo humo kabla ya kugandisha. Tende hukifanya kinywaji kiwe kizito chenyewe, hakijitengi, wala hamhitaji huo unga wa kiwandani. Na maziwa badilisheni kwa tui. Tui zito la kwanza, si lile la pili. Kama mnatumia la pakiti litikiseni vizuri, maana mafuta huganda juu.

Iliki isizidi. Baridi hupunguza utamu lakini iliki haiipunguzi kiasi hicho, na ikizidi kinywaji kinanuka dawa.

Mtafuta_Baridi

Nimeifanya hii jana usiku, nimeionja leo mchana. Bint Kibokoni, tende zimenishinda kauli. Ule uzito ambao mimi naupata kwa maziwa ya unga, tende zinautoa na kuacha ladha ya sukari iliyoungua kidogo inayoendana na kahawa kabisa. Kuanzia sasa kwa kinywaji kisicho na maziwa ya ng'ombe nitawaelekeza watu kwenye maelezo yako.

Nesi_wa_Zamu

Samahani nikiingilia. Mnaongea barafu, na sijaona mtu ametaja maji. Wale mtakaoendelea kutumia barafu ya maji, hata kidogo, tafadhali: kuganda hakuui vijidudu vya kuhara. Vinalala tu, barafu ikiyeyuka vinaamka navyo. Maji ya bomba, ya bowser au ya kisima yachemsheni kwanza au tumieni yaliyotibiwa, na trei zioshwe kwa sabuni, si kusuuzwa tu. Maziwa ya kuuziwa mlangoni bila pakiti yachemsheni pia kabla ya kuyaweka kwenye kinywaji baridi, maana hapa hakuna moto wowote utakaoyasafisha baadaye.

Na stima ikipotea muda mrefu, vile vipande vyenu vya maziwa vikiyeyuka na kupata joto zaidi ya saa mbili, vimwageni. Msivigandishe tena.

mama_mtarajiwa_Kahawa_West

Nina ujauzito wa miezi mitano na hamu ya hiki kinywaji imenizidi. Daktari aliniambia nipunguze kahawa, si niache. Gilasi moja ya mapishi ya kwanza ni kiasi gani?

Mtafuta_Baridi

Dada, hongera, na umefanya vyema kuuliza. Vipande kumi vya trei ya kawaida ni kama mililita 180 za ile kahawa kali, yaani vimebeba gramu 22 hivi za kahawa ya unga. Kahawa ya arabika, kama hizi zetu, ina kafeini karibu asilimia 1.2, na sehemu kubwa huingia majini. Kwa hiyo gilasi nzima inakaribia miligramu 200. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Ina maana gilasi moja yangu inaweza kukumalizia siku nzima, na chai pia ina kafeini.

Gandisha trei mbili: moja ya kahawa, moja ya maziwa yenye shira na vanila kidogo. Kwenye gilasi yako weka vipande vitatu vya kahawa na saba vya maziwa. Utaisikia kahawa vizuri tu. Na muoneshe daktari wako hesabu hii, yeye anakujua kuliko sisi.

Kuhusu sukari nawaambia nyote: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Kijiko cha mezani ni gramu 12 hivi. Ukitia shira vijiko vitatu na chokoleti ya kumwagia juu, hiki si kinywaji cha kila siku.

Baba_Watatu_Kasarani

Wa kwangu wanalia wakiona nasaga. Nimewafanyia ile trei ya maziwa na shira, nikaweka kijiko cha kakao badala ya kahawa. Amani imerudi nyumbani. Asanteni.

mwanafunzi_wa_Juja

Mimi naishi chumba kimoja, sina blenda, friji ni ya mwenye nyumba na amenipa nafasi ndogo ya kuweka bakuli. Nijiunge na uzi huu au niondoke?

Mtafuta_Baridi

Kaa hapo hapo, mdogo wangu, wewe ndiye utakayekunywa vizuri kuliko sisi. Kule Sicilia, kusini mwa Italia, wana kahawa ya barafu inayotengenezwa kwa uma. Chukua ile kahawa kali yenye sukari, bila maziwa, mimina kwenye bakuli pana isizidi kina cha vidole viwili. Igandishe. Baada ya saa moja kingo zitakuwa zimeganda. Zikwangue kwa uma uzirudishe katikati. Rudia kila nusu saa. Baada ya mara nne au tano utakuwa na chenga za barafu ya kahawa, kavu na nyepesi, ambazo blenda haiwezi kuzitoa. Zijaze kwenye gilasi, mimina maziwa baridi juu, kula kwa kijiko. Mimi nina blenda na bado naifanya hii kwa sababu ladha ya kahawa hubaki safi kabisa.

Kama kisehemu cha barafu cha hilo friji ni dhaifu, punguza sukari ya mwanzo, uongeze shira mwishoni. Sukari ikizidi haitaganda.

Shabiki_wa_Avokado

Kuna mtu amewahi kutia avokado?

Mtafuta_Baridi

Indonesia wananywa avokado na kahawa, na sisi tulio na avokado za Murang'a kila kona hatuna sababu ya kuogopa. Robo ya avokado iliyoiva vizuri kwa gilasi, toa maziwa ya unga, ongeza shira kijiko kimoja. Inakuwa laini sana na haijitengi hata ukiiacha nusu saa. Ndizi mbivu pia hufanya kazi hiyo lakini ndizi huitawala kahawa. Avokado huiachia nafasi. Tumia laini isiyo na nyuzi.

kopo_ni_kopo

Ripoti kama nilivyoahidi. Barafu ya kahawa ya kopo na maziwa, nimesaga leo mchana. Ni kweli. Ni kinywaji kingine kabisa, kizito, na kahawa inasikika hadi tone la mwisho. Bado sichuji kwa kitambaa, lakini trei haitoki tena friza.

Katibu_wa_Chama (Buruburu)

Nawasalimu wote. Chama chetu cha akina mama kinakuja kwangu Jumamosi, tuko kumi na watano. Nataka kuwapa hiki badala ya soda. Trei zangu ni mbili tu na blenda ni ya kawaida. Nifanyeje?

Mtafuta_Baridi

Shikamoo mama. Sahau trei. Kwa watu kumi na watano pika kahawa gramu 340 kwa maji lita 3 na mililita 400, utabaki na lita 2 na mililita 700 hivi. Sukari na maziwa ya unga zidisha kwa kiasi hicho hicho, yaani karibu mara sita ya mapishi ya mwanzo. Pika Alhamisi.

Usihangaike kutafuta mifuko ya plastiki, si mnajua ilipigwa marufuku tangu 2017. Tumia makopo ya aiskrimu yaliyoisha au sinia za chuma za Kamukunji: mimina kahawa kina cha sentimita moja tu, funika, gandisha ikiwa imelala sawa. Ijumaa toa vipande hivyo bapa, vivunje kwa mikono viwe vya ukubwa wa kiberiti, virudishe friza kwenye kopo moja. Vikiwa vyembamba hivyo blenda ya kawaida inaviweza.

Wageni wakifika saga gilasi mbili kwa mara moja, jagi lisizidi theluthi mbili, na uipumzishe blenda kati ya mizunguko kama fundi alivyosema. Zile za kwanza weka kwenye jagi kubwa ndani ya friza huku ukimalizia. Zitakaa dakika ishirini bila kuharibika, ukoroge tu kwa mwiko kabla ya kumimina. Gilasi ziwe zimepozwa tangu asubuhi. Na uwaulize mapema nani hanywi kahawa jioni, umgandishie kopo moja la kakao na maziwa kama Baba Watatu.